Kabla hujalamba unga wa mizizi: namna ya kuipima dawa ya nguvu za kiume

Mwanaume wa Moshi haji dukani kwangu kuulizia nguvu za kiume. Anakuja kununua Panadol. Analipa, anapokea chenji, halafu anabaki pale kaunta akisoma bango la chanjo kana kwamba ana mtihani kesho, mpaka yule mama mwenye mtoto atoke. Ndipo anasogea na kushusha sauti: "Mama, kuna dawa nimepewa, naomba uniangalizie." Mfukoni anatoa kichupa kilichowahi kubeba vidonge vya vitamini. Ndani kuna unga wa kahawia. Hakuna jina, hakuna tarehe, na bei aliyonunulia huwa inanifanya nikae chini.

Mimi ni mfamasia, duka langu liko hatua chache kutoka soko la Mbuyuni. Si adui wa mitishamba. Nimekulia Kibosho, nimenyweshwa mizizi kabla sijajua kusoma, na wanaokuja na vile vichupa siwafukuzi wala siwacheki. Ila nimewaona wengi kiasi cha kuwa na msimamo wangu: mzizi unaomsimamisha mzee wa miaka 60 mwenye kisukari usiku ule ule, ndani ya saa moja, mimi siushangilii. Nauogopa. Kwa nini nauogopa na namna ya kuupima, ndiyo maelezo yanayofuata.

Anza na mwili wako

Watu hufunga mambo matatu katika furushi moja. Kuna hamu kupotea. Kuna jogoo kutopanda mtungi, yaani hamu ipo ila uume hausimami au unalala katikati ya safari. Kuna kuwahi kumaliza. Kila moja lina chanzo chake, na mzizi unaouzwa kwa ajili ya yote matatu, pamoja na kiuno, mgongo na kupata mtoto, muuzaji wake hajui unafanya nini. (Kupata mtoto ni habari ya mbegu, na hiyo hupimwa kwa darubini maabara, haipimwi kitandani.) Chagua tatizo moja. Mimi hapa nazungumzia kusimama.

Kusimama ni kazi ya damu. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2 hivi, wakati ile inayolisha moyo ni kama 3 hadi 4. Mafuta yanayoganda kwenye kuta za mishipa hayachagui, lakini myembamba ndio hulalamika kwanza. Kwa hiyo mwanaume anaweza kushindwa chumbani miaka kadhaa kabla kifua hakijamuuma. Ukiifunika dalili hiyo kwa unga, umezima king'ora na kuwaacha wezi ndani.

Kwa hiyo, kabla ya kupima dawa, pima haya. Presha: ikirudia kuwa 140/90 au zaidi siku tofauti, unayo. Sukari ya asubuhi kabla hujala wala kunywa chai: 7.0 mmol/L na kuendelea, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari. Hivi viwili zahanati yoyote inavyo, na hospitali ya Mawenzi utavipata. Kipimo cha homoni ya testosterone hutolewa damu asubuhi, kati ya saa moja na saa tano, kwa sababu mchana hushuka yenyewe. Ukipima saa tisa alasiri utaambiwa huna kumbe unayo. Wa kuonana naye ni daktari wa njia ya mkojo, na watu wa Kilimanjaro hatuna kisingizio, maana hospitali ya KCMC hapa Moshi wana idara ya muda mrefu kwa shughuli hiyo na wagonjwa hutoka mbali kuifuata.

Angalia pia kikapu chako cha dawa. Vidonge vya presha vya kukojoza, kama hydrochlorothiazide, na vile vya jamii ya propranolol na atenolol, vinaweza kupunguza nguvu. Vivyo hivyo baadhi ya dawa za sonona. Usiviache kimyakimya! Mwambie daktari waziwazi, "Tangu nianze hivi, mambo yamelala," atakubadilishia. Nimeona mtu akitumia fedha nyingi kwa mizizi miezi mingi, kumbe tatizo lilikuwa kidonge kimoja cha asubuhi.

Halafu kuna jambo la usingizini. Mwanaume mwenye afya husimama mara 3 hadi 5 usiku akiwa amelala, bila kuota lolote la maana. Kama asubuhi unaamka umesimama vizuri ila mbele ya mkeo unashindwa, mishipa yako inafanya kazi. Tafuta shida kwenye deni la VICOBA, ugomvi wa shamba, au hofu ya kushindwa tena. Zamani madaktari walikuwa na kipimo cha stempu: mwaka 1980 kiliandikwa kwenye jarida la kitabibu kwamba ukizungushia uume mkanda wa stempu za posta wakati wa kulala, asubuhi ukiukuta umekatika kwenye vitundu, ulisimama. Si kipimo cha uhakika sana, na siku hizi kupata mkanda wa stempu Moshi ni kazi kuliko kupata mganga. Lakini kuangalia hali yako alfajiri ni bure.

Mjue mzizi kwa sura, si kwa sifa

Soko la Mbuyuni na la Kilombero kule Arusha utawakuta akina koko, yaani bibi wa Kimasai, wamepanga magome na mizizi kwenye shuka, vipande vimefungwa kwa kamba. Hawa mimi nawaamini kuliko kijana wa stendi mwenye begi, kwa sababu moja tu: wanauza kitu kizima. Mzizi mzima una ganda, una harufu, una rangi ukiukata. Unga hauna ushahidi wowote. Olkiloriti, kwa mfano, ambao ni mgunga unaoitwa kitaalamu Acacia nilotica, Wamasai huuchemsha kwenye supu ya nyama na morani huunywa kupata nguvu na ujasiri. Koko atakuonyesha gome lake, atakwambia linatoka wapi na lichemshwe na nini. Mpe heshima yake, msalimie vizuri, usimharakishe bei. Muulize haya: unaitwaje kwenu, ni sehemu gani ya mti, umechimbwa wapi, lini, na nyumbani kwenu nani anaunywa. Hilo la mwisho ndilo huniambia mengi. Anayesema "mume wangu, tangu mvua za vuli" tofauti na anayesema "watu wengi sana".

Sasa linganisha na lile linaloitwa vumbi la Kongo. Jina limekwambia linatoka wapi, halikukwambia ni nini. Vichupa viwili vya vumbi la Kongo nilivyowahi kuvilinganisha kaunta, kimoja kilikuwa na rangi ya kahawa na kingine rangi ya mchanga wa Pangani.

Majina mengine utakayosikia: mukombero wa upande wa Kenya, Mondia whitei, mzizi wake unanukia kama vanila na watu huutafuna. Umefanyiwa utafiti, lakini sehemu kubwa ni kwa panya, na panya si mume wa mtu. Yohimbe ni gome la mti wa misitu ya Kameruni na Gaboni. Hili lina kemikali inayojulikana, yohimbine, na kweli ina nguvu, ila inapandisha presha na kuupeleka moyo mbio, kwa hiyo mwenye presha akae mbali nalo. Na kuna Prunus africana wetu wa miteremko ya Kilimanjaro, ambao gome lake Ulaya linatumika kwa wazee wenye shida ya tezi dume, wale wanaoamka usiku kukojoa. Huo ni wa mkojo, si wa kusimama, na tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa sababu watu waliuchuna mpaka ukaanza kufa. Anayekuuzia gome la Prunus kwa ajili ya nguvu amekosea mlango.

Kama unataka uhakika wa mti, njia ipo na wengi hawaijui. Pata tawi lenye majani, na ikiwezekana maua au matunda, si gome peke yake. Litandaze katikati ya kurasa za gazeti, weka kitu kizito juu, badilisha gazeti kila siku mpaka likauke. Andika mahali lilipokatwa, tarehe, urefu wa mti, jina la kienyeji. Kisha nenda nalo Ngaramtoni nje kidogo ya Arusha, kwenye hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, chini ya taasisi ambayo wazee bado tunaiita TPRI ingawa tangu 2020 ni TPHPA. Pale kuna watu ambao kazi yao ni kulinganisha jani lako na majani yaliyokusanywa miaka mingi. Wakikupa jina la kitaalamu, ndipo unaweza kuuliza kama mti huo una sumu. Bila jina hilo maswali yote yanayofuata ni ramli.

Ukishanunua mzizi mzima, osha, kausha kivulini mpaka uvunjike kwa mlio, na saga mwenyewe. Wenye madoa ya ukungu tupa, hata kama ulilipa.

Unga wenye kidonge ndani

Hapa naomba utulie.

Sildenafil ilianza kutafitiwa kama dawa ya maumivu ya moyo, na Machi 1998 Marekani ikaruhusu iuzwe kwa jina la Viagra kwa ajili ya kusimamisha. Leo kidonge chake cha kopi ni rahisi. Mtu akitwanga vidonge vichache akavichanganya na mizizi yoyote, hata ya mti usio na faida, anapata "dawa ya asili" inayofanya kazi usiku wa kwanza. Mamlaka za dawa za nchi nyingi zimekuwa zikikamata bidhaa za namna hii, zimeandikwa mitishamba nje na ndani kuna sildenafil au tadalafil. Anayekunywa hajui kipimo: hospitalini kidonge ni miligramu 25, 50 au 100, kwenye unga huo kijiko cha leo kinaweza kuwa na 20 na cha kesho 200, maana waliochanganya hawakuwa na mashine ya kuchanganya, walikuwa na mwiko.

Nasikiliza kwanza maelekezo ya muuzaji. Mwezi mmoja alikuja dereva wa lori, mtu wa Himo, na unga wake. Nikamuuliza aliambiwaje. Akasema: "Ninywe nusu kijiko saa moja kabla. Nisile nyama choma nyingi kabla yake, itachelewa. Nisinywe mara mbili kwa siku moja. Na kama nina shida ya moyo nisiguse." Nikatoa boksi la sildenafil kwenye kabati, nikafungua ile karatasi ya ndani, nikamsomea. Chakula cha mafuta huchelewesha dawa. Saa moja kabla. Mara moja kwa siku. Moyo. Alinyamaza, akachukua karatasi akasoma mwenyewe kwa kidole. Mizizi ya porini haina karatasi ya maelekezo inayofanana neno kwa neno na ya kiwandani.

Dalili za pili ziko mwilini mwa aliyekwisha kunywa. Ndani ya saa moja au mbili uso unawaka, kichwa kinagonga, pua inaziba kama ana mafua, kiungulia, pengine taa zinaonekana na ubluu: hizo ni dalili za sildenafil, waziwazi. Kama nguvu imedumu mpaka siku ya pili na kesho yake mgongo na misuli ya mapaja inauma, fikiria tadalafil, ambayo nguvu yake hudumu hadi saa 36. Wateja huniambia kichwa kuuma ni "dawa inasafisha mishipa". Hapana, baba. Ni mishipa ya kichwani imepanuka pamoja na ile ya chini.

Cha tatu fanya mezani. Tandika karatasi nyeupe, pitisha unga kwenye kichujio cha chai, angalia kilichobaki juu na kilichoanguka chini ukitumia lenzi au kamera ya simu uliyoisogeza. Unga wa mzizi una nyuzinyuzi na vipande visivyolingana. Ukiona chembe nyeupe laini zisizo na nyuzi, au vigamba vidogo vya bluu ambavyo ni ganda la nje la kidonge, usinywe. Usipoona kitu, bado hujathibitisha lolote. Kidonge kilichosagwa vizuri hakionekani.

Anayeweza kukwambia kwa uhakika ni maabara. Nilipokuwa nafundishwa tulitumia sanduku la kupimia dawa liitwalo Minilab, lile la Wajerumani, na nitakueleza kinachofanyika ili ukiambiwa majibu uelewe. Sampuli inayeyushwa kwenye kimiminika, tone dogo linawekwa juu ya kibamba, karibu na ukingo wake wa chini, kibamba cha alumini kilichopakwa unga mweupe wa silika. Pembeni yake linawekwa tone la sildenafil halisi. Kibamba kinasimamishwa ndani ya gudulia lenye kiyeyushi kidogo chini, kiyeyushi kinapanda taratibu na kubeba kila kemikali kwa mwendo wake. Kikikauka unakipeleka gizani chini ya taa ya urujuanimno. Kibamba chote kinang'aa kijani, na kemikali zinaonekana kama madoa meusi. Mzizi halisi mara nyingi huacha mstari mrefu wa vitu vingi hafifu. Doa moja jeusi, la duara, lililopanda kimo kile kile cha jirani yake wa kiwandani, mwenye unga ana la kueleza.

Lakini hata hicho kina upofu wake. Wapo wanaotumia kemikali ndugu za sildenafil, zilizobadilishwa kidogo ili zisifanane na ile ya kulinganishia, na hizo zinahitaji mashine kubwa. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara ya kanda Arusha, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini huko huko. Ukishuku kwamba umeuziwa dawa ya kiwandani kwa jina la mitishamba, peleka taarifa TMDA pamoja na kichupa chenyewe. Usikimwage, usikihamishie kwenye chombo kingine, usikioshe nje. Andika ulinunua wapi, lini na ulielezwa nini.

Wapo wasiotakiwa kujaribu unga wowote wa kusimamisha usiojulikana, na sitaki mjadala nao. Anayetumia dawa za nitrati kwa ajili ya kifua, yaani nitroglycerin ya kuweka chini ya ulimi au vidonge vya isosorbide: ikikutana na sildenafil, presha inaporomoka na mtu anaweza kufa. Aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi hivi karibuni. Anayetumia dawa za tezi dume kama tamsulosin au doxazosin aulize kwanza, maana nazo hushusha presha. Mwenye ini au figo zilizokwisha kuguswa.

Daftari ashike mama

Tuseme mzizi umeujua, umeusaga mwenyewe, daktari amekuona na hana pingamizi. Sasa unataka kujua kama unakufaa. Watu wengi hapa hukosea kwa sababu wanapima kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mwanaume katika jambo hili ina huruma sana.

Kwanza jua kwamba matumaini peke yake yanasimamisha. Kwenye majaribio ya sildenafil yaliyochapishwa mwaka 1998, wanaume waliopewa kidonge halisi walifanikiwa katika asilimia 69 ya majaribio yao ya tendo. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walifanikiwa katika asilimia 22. Yaani kama mara moja katika kila tano, kwa kitu kisicho na kitu! Kwa hiyo mganga yeyote, hata akikupa majivu, ana wateja wake watakaorudi kumshukuru. Na wingi wa wateja si kipimo. Mwaka 2011 nusu ya nchi ilipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Mwasapile, kunywa dawa yake, kikombe shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao za kila siku kwa sababu ya urefu wa ile foleni.

Fanya hivi. Nunua daftari la shule. Wiki nne za mwanzo hunywi kitu, unaandika tu. Kila mlipojaribu, jibu maswali mawili kwa ndiyo au hapana: je, uliweza kuingia? Je, ulibaki umesimama mpaka mkamaliza kama mlivyotaka? Kisha toa namba ya ugumu: 1 umevimba ila si mgumu, 2 mgumu ila hautoshi kuingia, 3 unatosha kuingia ila si mgumu kabisa, 4 mgumu kabisa. Madaktari wanaitumia hiyo hiyo. Andika na pombe uliyokunywa, kwa sababu debe la mbege la arusi ya Jumamosi litakuharibia hesabu. Mkeo aandike yake kivyake, upande wa pili wa ukurasa. Msioneshane mpaka mwisho. Wanawake huandika ukweli zaidi, na nasema hivyo nikiwa mmoja wao.

Baada ya hapo, mkeo ndiye apike uji wako wa asubuhi. Wiki mbili uji wa ulezi wenye tangawizi na kipimo kile kile cha mzizi, wiki mbili uji wa ulezi wenye tangawizi tupu. Tangawizi iwe nyingi kote ifunike ladha. Yeye achague zipi zianze, aandike kwenye karatasi na kuificha, wewe usijue. Rudieni mzunguko. Katika muda huo usibadilishe kingine chochote: ukiacha sigara wiki ile ile uliyoanza mzizi, mzizi utapewa sifa zisizo zake. (Sigara iache. Ila iache kwanza, ndipo uanze daftari.)

Mwishoni hesabuni: ndiyo ngapi za wiki za mzizi, ngapi za wiki za tangawizi. Tofauti ya moja au mbili ni bahati. Mwalimu mmoja mstaafu wa Pasua na mkewe waliniletea daftari lao likiwa limechorwa mistari kwa rula, safi kabisa. Mzizi na tangawizi vilikuwa sawa. Kilichojitokeza ni kitu ambacho hawakukitafuta: "hapana" karibu zote za mwalimu ziliangukia siku alizorudi usiku kutoka kwenye vikao vya mirathi ya kaka yake. Mama alishaona zamani, alikuwa anasubiri hesabu imsemee.

Acha mara moja na uende hospitali ukiona macho au mkojo umebadilika kuwa njano iliyokolea kama chai ya rangi, ukiwashwa mwili mzima, ukivimba uso, ukipoteza kuona ghafla, au kifua kikibana. Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala ni dharura. Damu iliyokwama mle ndani inaharibu nyama, na kila saa unayopoteza kwa aibu unaipoteza kwenye uwezo wa baadaye. Usikae na maji ya baridi mpaka asubuhi. Na kama umeenda kwa sababu ya kifua, neno la kwanza kwa nesi liwe hili: "Nimekunywa dawa ya nguvu za kiume." Anaweza kuwa na nitroglycerin mkononi. Kichupa chukua, mpe.

Kwa wewe mwenye dawa

Waganga nao huja, hasa wazee wenye dawa ya ukoo wanaotaka itambulike. Meku, mzee wangu, daftari la uji halikutoshi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inakutaka usajiliwe na Baraza la tiba hizo, wewe mwenyewe, kituo chako, na dawa yako. Anzia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako. Muulize pale hospitali ya wilaya watakuelekeza mlango. Dawa itapimwa usalama maabara. Ukitaka kusema inatibu, na si kusema tu haina sumu, hiyo ni kuijaribu kwa watu, na hakuna anayeruhusiwa kufanya hivyo bila kibali cha maadili ya utafiti. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wanahusika huko, na chuo cha KCMC wana kamati yao. Kuna pia Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, wana wanafunzi wanaochambua mimea ya kanda yetu. Andaa mzizi wa mahali pamoja uliochimbwa msimu mmoja, pamoja na lile tawi la gazeti.

Swali ambalo kila mzee huniuliza akiwa ameshika mkongojo wake ni moja: je, wasomi wakishaipima hawataiba? Linawezekana. Kwa hiyo kabla hujataja mchanganyiko wala kukabidhi hata kipande, omba makubaliano ya maandishi yanayosema dawa ni ya nani, sampuli itatumika kwa nini, na nani ataandikwa iwapo kitapatikana kitu cha kulindwa kwa hataza (haki ya mgunduzi) kule BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Nenda na mwanao anayesoma vizuri. Sainini nakala mbili, moja ibaki nyumbani kwako, na mtu wa pili wa ukoo ajue ilipo.